Nani Anazungumza? Historia ya Skripti ya Filamu na Somo Lake kwa Garissa

Tangu filamu ipewe nafasi katika Tamasha za Kitaifa za Drama, walimu wengi wa Kiswahili wamejipata wakiandika kitu ambacho hawakufunzwa chuoni: skripti. Wengi huiandika kama tamthilia iliyoondolewa jukwaa. Wahusika wanasimama, wanasema, wanajibiwa, wanasema tena, kisha pazia ambalo halipo linafungwa. Wengine huandika hadithi fupi na kuikatakata vipande. Hatuwezi kuwalaumu. Mafunzo mengi ya skripti huanzia kwenye umbo la ukurasa, ilhali nyuma ya umbo hilo kuna maswali mawili mazito zaidi: hadithi hii ni ya nani, na ni nani anayepewa sauti ya kuisimulia?

Leo tutayafuata maswali hayo kwa njia ya historia, na mfano wetu mkuu utatoka Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera. Eneo hili limeandikwa sana, hasa na wageni. Kwa hiyo linafaa kutufundisha jinsi skripti inavyompa mtu sauti au kumnyima.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Wapo wanaosema muswada wa filamu, wapo wanaosema mwongozo wa filamu. Hili la pili huleta utata kwa sababu mwongozaji wa filamu ni mtu mwingine mwenye kazi nyingine. Nitatumia skripti, neno linalosikika kila siku wanakopigia filamu. Skripti ina nguzo tatu. Ya kwanza ni kichwa cha onyesho, kinachosema tuko ndani au nje, mahali gani na wakati gani. Ya pili ni maelezo ya vitendo, yanayoandikwa katika wakati uliopo. Ya tatu ni majibizano. Kwa kawaida ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Kanuni kuu inayozishika nguzo hizo ni hii: andika kinachoonekana na kinachosikika, basi. Huwezi kuandika kwamba "Fatuma alikuwa na uchungu wa miaka mingi". Kamera haioni miaka mingi. Inaona mkono wa Fatuma ukilikwepa bakuli la mtu fulani.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza wawili, Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, walianzisha mradi wa majaribio wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937, walikuwa wametengeneza filamu zipatazo 35 kuhusu mambo kama kilimo, afya na kuweka akiba posta. Lori lililobeba mtambo wa sinema likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini zaidi. Waigizaji wengi walikuwa Waafrika. Lakini picha zenyewe zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kando kwenye santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, na santuri hiyo ikachezwa filamu ikiendelea.

Tazama mpangilio huo ulivyokuwa. Miili ni ya hapa, sauti inatoka kwingine. Mkulima anaonekana akilima, lakini hasemi kwa nini analima. Msimulizi ambaye hatumwoni ndiye anayejua sababu. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba mtazamaji wa Afrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, kwa hiyo filamu zikapaswa kwenda polepole, bila ufundi mwingi wa kamera. Huo nao ulikuwa uamuzi wa skripti. Kabla ya kuandika neno la kwanza, mwandishi alikuwa ameshakata kauli kuhusu akili ya mtu anayemwandikia.

Kaskazini Mashariki ilikuwa mbali hata na lori hilo. Mwaka 1926 utawala wa kikoloni uliitangaza Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa. Mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipokuja, kufuli halikufunguliwa. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963 wakati vita vya Shifta vilipoanza, na sheria zake hazikuondolewa hadi 1991. Ndiyo maana mpaka leo utamsikia mzee wa Wajir au Garissa anayesafiri kwenda Nairobi akisema "naenda Kenya". Sentensi hiyo ya maneno mawili ni majibizano kamili. Mwandishi wa skripti akiiweka mahali pake, hatahitaji kurasa tano za maelezo kuhusu kutengwa.

Neno shifta nalo lina funzo. Limetoka katika lugha za Ethiopia, nalo humaanisha jambazi au mwasi. Katika matangazo na magazeti ya Kenya lilipewa kila aliyebeba bunduki kaskazini, halafu likamwagikia hata asiyebeba kitu. Mhusika akishaitwa shifta katika skripti, hana haja ya kupewa jina, mama, wala sababu. Anatokea, anafyatua risasi, anakufa. Neno moja limemfanyia mwandishi kazi ambayo alipaswa kuifanya yeye mwenyewe, ya kumjua mtu wake.

Lakini msomaji asidhani kwamba watu wa huko walikaa kimya wakingoja kuandikwa. Wasomali wana mapokeo makubwa ya ushairi simulizi, na kuanzia katikati ya karne ya 20 mchezo wa jukwaani ulishamiri sana Mogadishu na miji mingine ya Somalia. Hapo kuna jambo la kushangaza. Lugha ya Kisomali haikuwa na hati rasmi hadi 1972, serikali ya Somalia ilipochagua herufi za Kilatini. Kabla ya hapo, michezo mirefu yenye mashairi ilitungwa na kufunzwa kwa mdomo, na waigizaji wakaihifadhi kichwani. Mmoja wa michezo hiyo, Shabeelnaagood wa Hassan Sheikh Mumin, uliigizwa 1968, na maandishi yake yakachapishwa London 1974 pamoja na tafsiri ya mtaalamu B. W. Andrzejewski. Kwa maneno mengine, skripti ilikuwepo kabla ya karatasi. Anayesema vijana wa Garissa wanaanza utunzi wa maigizo kutoka sufuri hajauliza bibi zao.

Kuna pia sababu ya kisheria ya kuichukulia skripti kwa uzito nchini Kenya. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, inamtaka anayeomba leseni ya kupiga filamu awasilishe maelezo ya maonyesho na matini kamili ya yatakayosemwa. Kwa hiyo kabla ya skripti kuwa sanaa, ilikuwa hati ya serikali kujua nani atasema nini. Katika eneo ambalo kwa miongo mingi hata safari ilihitaji kibali, hilo halikuwa jambo dogo.

Sauti za watu wenyewe zilianza kusikika katika filamu kupitia mlango mwingine, ule wa ushuhuda. Mnamo Februari 1984 wanaume wa Wajir walikusanywa na vikosi vya serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi habari hiyo haikuzungumzwa hadharani. Mwaka 2007 Salah Abdi Sheikh alichapisha kitabu kuihusu, na 2015 mwelekezi Judy Kibinge akatoa filamu ya hali halisi iitwayo Scarred. Humo walionusurika wanasimulia kwa vinywa vyao. Linganisha na filamu za Vugiri: safari hii mwili na sauti ni vya mtu mmoja. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, kaunti ya Garissa, shirika la FilmAid nalo limewafunza vijana kuandika na kupiga filamu zao wenyewe. Hapo kijana wa Ifo au Hagadera, ambaye kamera za kigeni zimezoea kumwonyesha akiwa kwenye foleni ya chakula, anaulizwa: wewe ungependa kuonyesha nini?

Tumefika kwenye mfano wetu mkuu. Novemba 22, 2014, magaidi wa Al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likitoka Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Wengi walikuwa walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 21, 2015, basi jingine likashambuliwa karibu na El Wak likielekea Mandera. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Magaidi wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwa waliokataa, alipigwa risasi, na akafa hospitalini Januari 2016.

Kutokana na tukio hilo, wanafunzi wa chuo cha filamu cha Hamburg, Ujerumani, walitengeneza filamu fupi ya dakika 22 iitwayo Watu Wote. Mwelekezi alikuwa Katja Benrath, na skripti iliandikwa na Julia Drache. Ilitoka 2017, ikapata tuzo ya Oscar ya wanafunzi mwaka huo, na mwaka 2018 ikateuliwa kuwania Oscar yenyewe katika kitengo cha filamu fupi. Wahusika wake wanazungumza Kiswahili na Kisomali.

Hebu tuisome kazi hiyo kama somo la skripti. Kwanza, habari ya gazeti ilikuwa na abiria zaidi ya 60. Skripti haiwezi kubeba watu 60, kwa hiyo mwandishi alichagua mmoja. Akamtunga Jua, aliyeigizwa na Adelyne Wairimu, mwanamke Mkristo anayepanda basi kwenda kumwona jamaa yake, huku akiwa na hofu na kinyongo kwa Waislamu wanaomzunguka. Mhusika huyo ana anachotaka, yaani kufika. Ana kizuizi cha nje, yaani bunduki. Ana pia kizuizi cha ndani, yaani kutowaamini watu ambao baada ya muda mfupi watayashika maisha yake mikononi mwao. Mmarekani Syd Field, katika kitabu chake cha 1979 kilichosomwa sana na wanafunzi wa filamu, alieneza mgawanyo wa sehemu tatu: kuandaa, kukabiliana, kutatua. Watu Wote inaingia humo bila kubanwa. Safari inaandaa, kuvamiwa kwa basi kunakabilisha, na kukataa kwa abiria kunatatua.

Pili, tazama kazi ya mtandio. Ni kipande cha nguo tu. Lakini mtandio ukihama kutoka kichwa kimoja hadi kingine, mtazamaji ameona kila kitu ambacho hotuba ya dakika kumi ingekieleza vibaya. Mwandishi chipukizi ajifunze kutafuta kitu cha aina hiyo katika kila hadithi: kitu cha kushikwa, kinachohama mkono.

Tatu, na hapa ndipo penye mjadala, tuulize hadithi imekuwa ya nani. Anayebadilika katika filamu ni Jua. Kanuni ya skripti inasema mhusika mkuu ni yule anayebadilika, na aliyejaa shaka ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kubadilika. Kiufundi, uamuzi wa Drache ni sahihi. Ila una gharama yake. Wenyeji wa basi lile, waliofanya kitendo chenyewe, wanakuwa wema tangu mwanzo hadi mwisho, na wema usiotikisika hauna mengi ya kuandikwa. Mgeni anapata safari ya moyo, mwenyeji anapata kaburi la heshima.

Kwani haiwezekani kuiandika upande wa pili? Mchukue mwanamke aliyevua mtandio wake. Hatumjui jina. Ana watoto Mandera. Anajua kwamba akigundulika atauawa pamoja na huyo mgeni, na mgeni mwenyewe tangu Nairobi hajajibu salamu yake. Huyu naye ana anachotaka, naye ni kufika nyumbani kwa wanawe. Ana kizuizi, na ana dakika moja ya kuamua. Hofu yake si ndogo kuliko ya Jua. Pengine ni kubwa zaidi, maana yeye angeweza kunyamaza akapona. Hiyo ni skripti nyingine kabisa, ndani ya basi lilelile. Sioni aibu kwa Wajerumani kuandika ya kwanza, nao waliiandika kwa heshima. Ninachosema ni kwamba hii ya pili itaandikwa vizuri zaidi na mtu aliyeketi ndani ya mabasi hayo tangu utotoni.

Mtu huyo anajua pia lugha ya basi. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha kondakta, askari na mwanafunzi. Kisomali ndicho cha kunong'onezana na cha dua. Kando ya Mto Tana utasikia pia lugha za Wamunyoyaya, Wamalakote na Waorma. Skripti lazima iseme nani anaongea lugha gani na anabadilisha lini, kwa sababu kubadili lugha ni kitendo. Abiria akiacha Kiswahili na kuingia Kisomali mbele ya askari, amefunga mlango. Akirudi kwenye Kiswahili, ameufungua.

Kuna mtego mmoja wa kuuepuka. Vichekesho vyetu vya runinga vimezoea kumtambulisha Msomali kwa matamshi. Kwa kuwa Kisomali hakina sauti ya "p", mhusika anaandikiwa "bolisi" na "besa", watu wanacheka, kazi imekwisha. Mwandishi makini haandiki lafudhi kwa tahajia. Lafudhi mwachie mwigizaji. Atafute utambulisho katika maneno yenyewe na katika adabu. Kisomali hutofautisha adeer, ndugu wa baba, na abti, ndugu wa mama, kama Kiswahili kinavyomtofautisha ami na mjomba. Kijana anayemwita mzee adeer amekwisha kutuambia ukoo, umri na heshima kwa neno moja.

Tujaribu ukurasa mmoja. Watu hawa nimewabuni.

NJE. KIZUIZI CHA POLISI, DARAJA LA MTO TANA, GARISSA. ALFAJIRI.

Basi limesimama. Abiria wamepanga foleni, vitambulisho mkononi. AYEYO HALIMA, miaka 70, yuko nyuma ya mjukuu wake YUSUF, miaka 19. Yusuf anatoa kijikaratasi kilichokunjwa mara nne.

ASKARI: Hii ni nini?

YUSUF: Ya kungojea, afande. Kitambulisho hakijatoka.

ASKARI: Tangu lini?

Yusuf anageuka kumtazama bibi yake.

AYEYO (kwa Kisomali): Usimwambie mengi.

Anafungua pindo la shali yake. Anatoa kadi ya pinki iliyofifia, pembe zimeliwa. Anaiweka mkononi mwa askari. Askari anaigeuza mbele, nyuma, mbele.

ASKARI: Mama, hii nayo ni ya nini?

AYEYO (kwa Kiswahili): Muulize aliyenipa.

Nyuma yao, dereva anawasha basi.

Hakuna aliyetamka neno ubaguzi. Mwishoni mwa 1989 serikali iliamuru Wasomali wa Kenya wahakikiwe upya uraia wao, na waliopita wakapewa kadi za pinki. Ayeyo amepita mtihani huo zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Mjukuu wake anaurudia. Askari kijana hajui kadi ni ya nini, na kutojua kwake kunasema mengi kuliko ukali. Yusuf anataka kuvuka daraja. Kizuizi kiko mbele yake, kwa maana zote mbili za neno hilo. Basi linalowashwa linampa muda mfupi. Kikongwe amebadili lugha mara moja, na mtazamaji ameona. Ukurasa huo una nguzo zote tatu tulizotaja, na historia imeingia kwa njia ya pindo la nguo.

Mwalimu wa Garissa, Ijara au Wajir anayeandaa kikundi cha tamasha mwaka huu hahitaji kuanza na mashambulizi. Mji una soko la mifugo, una mafuriko ya Tana, una harusi, una vijana wanaobishana kuhusu soka kwa lugha mbili katika sentensi moja. Awape wanafunzi wake zoezi hili: kila mmoja aandike ukurasa mmoja, watu wawili, mahali pamoja, kitu kimoja kinachohama mkono, na asitumie neno lolote linalotaja hisia. Kisha wausome kwa sauti darasani, na kila msomaji ajibu maswali mawili: nani anataka nini, na nani anazungumza lugha ipi? Kurasa zitakazojibu maswali hayo bila kigugumizi ndizo za kuanza kupigiwa kamera.